Mashine ya wembe ya babu: Chuma tumia, brashi achana nayo

Kuna masanduku ya wazee ambayo hayafunguliwi mpaka mwenyewe awe ameondoka duniani. Ndani yake, pamoja na hati ya kiwanja na picha za harusi, mara nyingi hukutwa kimkebe chenye mashine ya wembe ya chuma, brashi ya manyoya na kipande cha sabuni kilichokauka. Wajukuu hubaki wakiulizana: vitu hivi vitupwe, viwekwe ukumbusho au vitumike?

Kwa upande wa afya, jibu hutofautiana kwa kila kifaa. Mashine yenyewe inaweza kutumika, na kwa mwanaume anayesumbuliwa na vipele vya ndevu inaweza hata kumfaa kuliko zile za kisasa. Wembe uliobaki ndani yake utupwe. Brashi ndiyo inayotaka tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu ambayo wengi hawajawahi kuisikia: ugonjwa wa kimeta.

Katika miji ya Ulaya na Marekani, vijana wamezirudia mashine hizi kwa miaka kadhaa sasa. Wanazitafuta kwenye minada na maduka ya vitu vya kale, wanazisafisha na kuzitumia. Afrika Mashariki wembe wenye makali mawili haukuwahi kuondoka. Unauzwa kwenye kila duka la mtaani, ingawa katika nyumba nyingi siku hizi kazi yake ni kukata kucha na kufumua nyuzi za nguo. Ndevu zimeachiwa mashine za plastiki na saluni.

Nyembe 168 za kwanza

Kabla ya mashine hizi, mwanaume alinyoa kwa wembe mrefu wa kukunja, uliohitaji kunolewa kila mara na mkono usiotetemeka. Wengi waliona heri waende kwa kinyozi.

Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani King Camp Gillette alipata wazo la wembe mwembamba, wa bei nafuu, unaotupwa makali yakiisha. Kazi ngumu ilikuwa kupata chuma chembamba kinachoshika makali, na aliyeifanikisha ni mhandisi William Nickerson. Kampuni yao ilianzishwa Boston mwaka 1901. Mwaka 1903, ilipoanza kuuza, ilipata wateja wa mashine 51 na nyembe 168 tu.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyozisambaza. Gesi ya sumu ilipoanza kutumika vitani, askari walihitaji barakoa zinazobana usoni, na ndevu huacha mwanya wa hewa kupita. Marekani ikawapatia askari wake mashine zipatazo milioni 3.5. Vita ilipokwisha walirudi nazo nyumbani, pamoja na tabia ya kujinyoa wenyewe.

Wanawake nao hawakusahauliwa. Mwaka 1915 kampuni hiyo hiyo ilitoa mashine ndogo iliyolengwa kwao, kwa ajili ya kunyoa kwapa.

Mashine nyingi za zamani zilitengenezwa kwa shaba ya njano iliyopakwa nikeli, ndiyo maana bado zipo. Jambo la kufurahisha zaidi ni kwamba wembe wenye makali mawili unaonunuliwa dukani leo unaingia kwenye mashine nyingi zilizotengenezwa miaka 80 iliyopita.

Kisha biashara ikageuka. Mwaka 1971 ilikuja mashine yenye nyembe mbili kwa pamoja, mwaka 1998 yenye tatu na mwaka 2006 yenye tano. Kila mara ahadi ilikuwa ile ile: kunyoa karibu zaidi na ngozi. Kwa mwenye nywele zilizojikunja, ukaribu huo ndio unaoweza kumletea taabu.

Nywele inaporudi ndani

Vipele vya ndevu vinawajua wanaume wengi wa Kiafrika. Siku mbili tatu baada ya kunyoa, shingo na kidevu vinawasha, vinaota vipele vigumu, vingine vyenye usaha. Baadaye hubaki madoa meusi, na kwa baadhi ya watu makovu yanayovimba na kukua, yaitwayo keloidi.

Wapo wanaodhani ni uchafu au sabuni mbaya, wengine wakahisi wameambukizwa saluni. Maambukizi yanaweza kuongezeka juu yake, lakini chanzo chenyewe ni umbo la nywele. Unywele uliojikunja hukua kwa kupinda. Ukikatwa, ncha yake huwa kali kama mkuki. Unapoanza kukua tena, ama unajipinda na kuichoma ngozi kutoka nje, ama, kama ulikatwa chini kabisa, unatoboa ukuta wa kitundu chake kabla haujatoka. Mwili huuona kama mwiba na kuushambulia. Kipele ndicho alama ya mapambano hayo.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi katika tiba ya ngozi nchini Marekani yanasema kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wanaonyoa hupata tatizo hili kwa kiwango fulani. Katika jeshi la nchi hiyo limekuwa suala la ajira, kwa kuwa askari anatakiwa kuwa na kidevu safi. Mwaka 2020 Jeshi la Anga lilianza kuruhusu wenye vipele hivyo wapewe kibali cha daktari cha kutonyoa kitakachodumu hadi miaka mitano, ingawa kanuni zimekazwa tena tangu wakati huo.

Huku kwetu walinzi, askari, wahudumu wa hoteli na wafanyakazi wa benki wanaijua hali hiyo bila takwimu. Kuacha ndevu zikue ndiyo tiba ya uhakika zaidi, lakini si kila mwajiri anaikubali, na si kila mtu anapenda kuwa na ndevu.

Wembe mmoja dhidi ya tano

Mashine yenye nyembe nyingi hufanya kazi kwa zamu. Wembe wa kwanza huuvuta unywele kidogo kabla ya kuukata, na kabla haujarudi chini, wa pili huukata tena. Unaporejea mahali pake, ncha huishia chini ya uso wa ngozi. Mwenye nywele zilizonyooka hufurahia ulaini huo. Mwenye nywele zilizojikunja anaweza kuwa ameuzika unywele ukiwa hai.

Mashine ya zamani ina makali upande huu na huu, lakini kila inapopita ni ukali mmoja tu unaogusa uso. Unywele hukatwa usawa wa ngozi au juu yake kidogo. Ni kwa sababu hiyo chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani huwashauri wanaume wenye vipele watumie mashine yenye wembe mmoja au miwili.

Tafiti zote hazisemi kitu kimoja. Zipo zilizolinganisha aina za mashine na kutoona tofauti kubwa katika idadi ya vipele. Namna mtu anavyonyoa huenda ina uzito sawa na kifaa chenyewe, na hapo ndipo mashine ya babu inapopata sifa nyingine: haiwezi kuharakishwa. Anayeikandamiza kwa pupa atajikata siku hiyo hiyo.

Ziko pia faida za mfuko. Wembe mmoja wa makali mawili ni wa bei ndogo sana ukilinganisha na kichwa cha kubadilisha cha mashine ya kisasa. Mtu anayeweza kununua wembe mpya bila kujiuliza mara mbili hatakuwa na sababu ya kunyolea wembe butu mwezi mzima.

Brashi na kimeta

Wafugaji wa Tanzania na Kenya wanakijua kimeta kama ugonjwa wa mifugo unaompata mtu anapochuna au kula mzoga. Wachache wanajua kwamba karne moja iliyopita uliingia mabafuni mwa watu wa London na New York kupitia brashi za kunyolea.

Brashi nzuri za wakati ule zilitengenezwa kwa manyoya ya mnyama wa Ulaya anayefanana na nyegere, na manyoya hayo yalitoka zaidi Urusi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokatiza biashara, watengenezaji waligeukia manyoya ya farasi kutoka Siberia na China, wakayapaka rangi yafanane na yale ya awali. Mengi yaliuzwa bila kuuliwa vijidudu kama ilivyotakiwa.

Mtu alipojikata kidogo na kupaka povu, vimelea viliingia kwenye jeraha. Zaidi ya watu 200, askari na raia, waliugua Marekani na Uingereza katika miaka ya vita na iliyofuata, na baadhi walifariki. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani, ambako nyingi ya zile zilizokuwa na vimelea zilikuwa zikipitia.

Habari hii haijawa ya kale kabisa, kwa sababu vimelea vya kimeta hujifunga ndani ya ganda gumu na kulala kwa miongo. Kisiwa cha Gruinard huko Scotland, kilichotumiwa kwa majaribio ya kimeta mwaka 1942, hakikutangazwa kuwa salama hadi mwaka 1990, tena baada ya udongo wake kumwagiwa dawa.

Uwezekano wa brashi iliyoko kwenye sanduku la familia kuwa na kimeta ni mdogo sana. Hata hivyo, kwa brashi ya manyoya ya miaka hiyo, au ambayo umri na asili yake havijulikani, hakuna sababu ya kubahatisha. Maji ya moto ya bafuni na dawa za kawaida za kusafishia haziwezi kuhakikisha usalama. Ibaki kwenye kimkebe chake kama kumbukumbu, na mpya inunuliwe.

Brashi mpya za leo ni za aina kadhaa. Zipo za manyoya ya farasi, za yule mnyama wa Ulaya, na za nguruwe, ambazo Waislamu wengi huziepuka, hivyo ni vyema kumuuliza muuzaji. Zipo pia za nyuzi za kiwandani, ambazo hukauka haraka, ni rahisi kusafisha na hazina swali la mnyama. Kwa anayeanza, hizi zinatosha kabisa.

Kazi ya brashi ni kulifikisha povu mpaka chini ya unywele, kuunyanyua na kuulowesha. Unywele uliokunywa maji hulainika na hukatika kwa nguvu ndogo. Asiye na brashi anaweza kutumia vidole, mradi aipe sabuni dakika mbili au tatu ifanye kazi.

Kuisafisha mashine ya zamani

Kwanza wembe wa zamani utolewe kwa uangalifu, ukishikwa kwenye zile ncha fupi zisizo na makali. Kisha mashine ifunguliwe vipande vyote vinavyofunguka.

Ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ikisuguliwa kwa mswaki ambao hautarudi tena mdomoni. Ukoga wa kijani ni kawaida kwa shaba na hutoka taratibu. Steelwire haifai, wala dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kwa kuwa vyote huharibu nikeli. Baada ya kukauka, vipande vilowekwe kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika 10 na kuachwa vikauke vyenyewe.

Kabla ya kunyoa, wembe mpya uwekwe na kukaguliwa kwa macho. Makali yanatakiwa kuchungulia kwa usawa pande zote mbili. Kama upande mmoja umetokeza zaidi, au kichwa kimepinda, au meno ya kinga yamevunjika, mashine hiyo ibaki kuwa pambo.

Hatua kwa hatua

Mwenye vipele vilivyoiva asianze leo. Ngozi ipumzishwe kwa takribani wiki nne bila wembe, na ndevu zikiwa lazima zipunguzwe, zipunguzwe kwa mashine ya umeme bila kuikandamiza kwenye ngozi.

Siku ya kunyoa, uso uoshwe kwa maji ya uvuguvugu au mtu anyoe baada ya kuoga. Povu lipakwe kwa kuzungusha brashi.

Mashine ishikwe mwisho wa mpini, ikiegemea uso kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Uzito wake wenyewe unatosha, na mkono kazi yake ni kuongoza tu. Mapigo yawe mafupi, na wembe usuuzwe kila baada ya pigo moja au mawili.

Wembe ufuate uelekeo wa nywele. Shavuni kwa wengi ni kushuka chini, lakini shingoni nywele huweza kwenda kando au hata kupanda juu. Ili kuujua uelekeo, mtu aziache zikue siku mbili na kupapasa: upande unaoteleza ndio wa kufuata, unaokwaruza ndio wa kuepuka.

Ngozi isivutwe, kwa kuwa ikivutwa na kuachiwa unywele huzama ndani. Kupita mara moja kunatosha. Kivuli cha ndevu kitakachobaki ndicho bei ya kuepuka vipele, na ni bei ndogo.

Mwisho, uso usuuzwe kwa maji ya baridi na kupakwa mafuta mepesi yasiyo na manukato makali. Wanaopenda shabu wanaweza kuipitisha kwenye michubuko midogo, kwani husaidia kuzuia damu. Wembe ubadilishwe baada ya kunyoa mara tano hadi saba, au mapema zaidi ukianza kuvuta.

Kila mtu na wembe wake

Katika familia nyingi hili ndilo gumu kulisema mezani. Baba na mwana hutumia wembe mmoja, mke huuazima, na baada ya msiba, kwa baadhi ya jamii, wembe mmoja hupita vichwa vya ukoo mzima.

Damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuambukiza. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki na uwezo wa kuambukiza nje ya mwili kwa angalau siku saba. Homa ya ini aina ya C na virusi vya Ukimwi navyo huambukizwa kwa damu. Kuosha wembe kwa maji na sabuni hakutoshi kuufanya salama kwa mtu mwingine.

Mashine ya chuma inaweza kurithiwa ikisafishwa. Wembe haurithiwi wala hauazimwi, hata kati ya mume na mke. Ndivyo ilivyo kwa jiwe la shabu, na ndivyo inavyotakiwa kwa mtoto mchanga anayenyolewa nywele za kwanza: wembe utolewe kwenye karatasi yake mbele ya mzazi, na ukimaliza kichwa hicho usihamie kingine.

Wembe uliokwisha unakwenda wapi?

Kwenye nyumba za zamani za Marekani, kabati la dawa bafuni lilikuwa na kitundu nyuma. Nyembe zilizotumika zilidumbukizwa humo zikaangukia ndani ya ukuta, na mafundi wanaobomoa nyumba hizo bado wanazikuta zikiwa rundo.

Nyumba zetu hazina kitundu hicho, lakini zina watoto wanaotambaa, wasichana na wavulana wanaofagia uani, na wazoa taka wanaochambua mifuko kwa mikono mitupu. Kufunga wembe kwenye karatasi na kuutupa jalalani ni kumwachia mtu mwingine jeraha.

Njia rahisi ni kuchukua kopo la bati lenye mfuniko, kulitoboa mpasuko unaoingiza wembe na kulifunga vizuri kwa gundi ya karatasi. Liwekwe juu, mbali na mikono ya watoto. Kopo moja huchukua miaka kujaa, na likijaa hutupwa zima likiwa limefungwa, na kuandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani kuna nyembe.

Wakati wa kwenda hospitali

Vipele vinavyotoa usaha mwingi, vinavyouma au kuambatana na homa vinahitaji daktari, si wembe mpya. Anayeona kovu linavimba na kupita mpaka wa jeraha lake aende mapema, kwa sababu keloidi ndogo hutibika kwa urahisi kuliko kubwa. Krimu kali za kung'arisha ngozi zinazouzwa kiholela kwa ajili ya madoa ya ndevu ziepukwe, kwa kuwa nyingi huidhoofisha ngozi na kuongeza tatizo.

Na kwa yule ambaye amejaribu wembe mmoja, povu zuri, mkono mwepesi na subira ya wiki kadhaa bila nafuu, daktari anaweza kumwandikia mwajiri wake barua inayoeleza kwamba ndevu fupi zilizotunzwa ni matibabu. Barua hiyo ni haki ya mgonjwa kuiomba.